BOMBA LA MOSHI LIPITE WAPI? Tuliyojifunza Namswea kuhusu jiko la kuni na upenu wa nyumba

Habari za majiko sanifu ya kuni si ngeni tena vijijini. Vikundi vingi vya akina mama vinajua kuchanganya udongo wa kichuguu na mchanga, kupima mlango wa kuni na kuweka nafasi mbili za sufuria. Lakini lipo jambo moja ambalo mafunzo mengi hulipitia haraka haraka mwishoni, nalo ni hili: moshi ukishatoka kwenye jiko utapita wapi? Makala hii inaeleza jinsi ya kupanga njia ya bomba la moshi, hasa kwa nyumba zenye upenu mpana kama zilivyo nyingi katika kata ya Namswea na maeneo mengine ya milimani wilayani Mbinga.

Naanza kwa kukiri kosa. Majiko ya kwanza ambayo mradi wetu ulisaidia kujenga Namswea yalipendeza machoni. Tulitoboa ukuta, tukapitisha bomba la bati, likaishia nje chini ya upenu. Hatukutaka kutoboa bati la mwenye nyumba. Siku ya makabidhiano tulipiga picha, tukaondoka. Tuliporudi mwezi Juni, wakati wa baridi, tulimkuta mama mmoja anapika uani kwenye mafiga matatu. Juu ya jiko letu alikuwa ameweka debe la mahindi. Nilipomuuliza alijibu kwa upole: "Mratibu, jiko lenu ni zuri. Tatizo ni kwamba moshi mnautoa ukutani, unarudi juu ya ukuta."

Alituzungusha nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa mweusi kuanzia kwenye bomba hadi kwenye mbao za paa. Ncha ya mbao moja ilikuwa imeanza kuungua na kuwa mkaa. Chini yake, hapo hapo penye kivuli, kulikuwa na kuni kavu zilizopangwa hadi kiunoni. Sikuwa na la kusema. Tulikuwa tumempa jiko linalorudisha moshi ndani, na tulikuwa tumekaribia kumchomea nyumba.

MOSHI WA JIKONI SI JAMBO DOGO

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na moto kwa saa nyingi.

Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni lengo jema. Lakini kwa familia nyingi za milimani kuni zitaendelea kutumika kwa muda, na kifua cha mtoto hakisubiri mwaka 2034. Kwa hiyo bomba la moshi lililopangwa vizuri bado ni kinga muhimu.

KWA NINI UPENU HULETA SHIDA

Upenu una kazi yake. Mvua za Mbinga ni nyingi na huja na upepo. Ukuta wa tofali mbichi, au hata za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, huliwa na maji usipofunikwa. Ndiyo maana mafundi wetu huacha paa litokeze sentimita 60 au zaidi nje ya ukuta. Hakuna anayeshauri upenu ukatwe wote ili kupisha moshi.

Tatizo ni kwamba upenu ni kama mfuko uliogeuzwa chini juu. Moshi unaotoka ukutani chini yake hupanda na kukutana na bati. Upepo ukivuma kuelekea ukuta huo, hewa hubanana chini ya upenu na kuusukuma moshi urudi. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna uwazi kati ya kichwa cha ukuta na bati. Moshi huingia ndani kupitia uwazi huo. Mama anafunga mlango wa moshi mbele, unaingia kwa nyuma.

Aidha, chini ya upenu kuna ncha za mbao kavu, na ndiko watu wengi wanakoweka kuni. Cheche moja usiku wa kiangazi inatosha.

BOMBA HUVUTAJE MOSHI?

Ili kupanga njia nzuri ni lazima kuelewa nguvu inayouinua moshi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Hewa yenye nyuzi joto 150 za sentigredi ina uzito wa takriban theluthi mbili tu ya hewa yenye nyuzi 15, ambayo ni hali ya kawaida ya asubuhi ya baridi milimani. Bomba la wima likijaa hewa ya moto, hewa hiyo hupanda kama boya majini, na nyuma yake hewa mpya huvutwa kupitia mlango wa kuni. Kutokana na hilo tunapata kanuni tatu:

1. Urefu wa kwenda juu ndio unaovuta. Bomba refu la wima huvuta kuliko fupi. Kipande kinacholala hakivuti, bali kinachelewesha.

2. Joto lisipotee njiani. Bomba jembamba la bati lililo nje hupoa haraka. Moshi ukipoa hupungukiwa nguvu, na mvuke wake hugeuka kuwa maji meusi na masizi yanayonata kama lami.

3. Kila kona ina gharama. Kiwiko kimoja kikali kinapunguza mvuto na ndipo masizi yanapokusanyika. Kama ni lazima kukunja, tumia viwiko viwili vya mkunjo mdogo, yaani nusu ya pembemraba kila kimoja, badala ya kimoja kikali.

Zaidi ya hayo, kuna kanuni ya kinywa cha bomba ambayo mafundi wa nchi za baridi huifuata: kinywa kiwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka kwenye bomba. Kikiwa chini ya hapo, upepo unaopita juu ya kofia ya paa huporomoka na kuusukuma moshi chini.

NJIA NNE ZA KUCHAGUA

Njia ya kwanza: kupanda wima kupitia paa. Hii ndiyo inayovuta vizuri kuliko zote, kwa kuwa haina kona na sehemu kubwa ya bomba iko ndani kwenye joto. Ubaya wake ni kwamba tundu liko juu ya chumba. Likizibwa vibaya, mvua itanyesha ndani ya sufuria. Pia bomba hupita karibu na mbao za kenchi.

Njia ya pili: kutoka ukutani, kisha kupanda wima kupitia upenu. Hapa kuna kona moja tu, ile ya ukutani. Bati la upenu hukatwa kidogo, lakini tundu liko nje ya ukuta. Hata likivuja, maji yanadondoka nje na si chumbani. Njia hii inafaa sana kwa dohani ya tofali za kuchoma, ambazo kwetu zinapatikana kwa urahisi.

Njia ya tatu: kuuzunguka upenu. Bomba hutoka ukutani, huenda kwa mshazari hadi kupita ukingo wa bati, halafu hupanda wima. Bati halitobolewi kabisa, ndiyo maana wengi huipenda. Lakini ina viwiko vitatu, bomba lote liko kwenye baridi na upepo, na linahitaji nguzo za kulishika. Vilevile, bomba likiwa karibu sana na ukingo, maji yote ya paa yataliangukia, litapoa na kupata kutu mapema.

Njia ya nne: kuukwepa upenu kwa kutokea upande wa gebo. Kwenye paa la pande mbili, maji hushuka pande za chini na siyo upande wa gebo. Huko bati hutokeza kidogo tu, hakuna maji yanayomwagika, na uko karibu na kofia ya paa, hivyo si lazima bomba lipande mbali sana juu ya bati. Kama jiko bado halijajengwa, fikiria kwanza kuliweka kwenye ukuta wa gebo. Mara nyingi shida yote ya upenu huisha hapo.

Paa la pande nne halina gebo. Hapo uchaguzi unabaki kwenye njia tatu za mwanzo. Upande wenye baraza pana uepukwe, labda dohani ipite ndani.

MFANO WA VIPIMO

Tuchukue jiko la nje, yaani chumba cha kupikia kilichojengwa peke yake, chenye upana wa mita 3 na paa la pande mbili. Ukuta una kimo cha mita 2.4. Paa linapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 3 za kwenda mbele. Upenu unatokeza sentimita 70.

Kofia ya paa iko mita 1.5 kutoka ukutani, kwa hiyo iko juu ya ukuta kwa sentimita 50, yaani mita 2.9 kutoka chini. Ukingo wa upenu umeshuka kwa sentimita 23, yaani uko kama mita 2.17 kutoka chini. Bomba lolote la upande huu litakuwa ndani ya mita 3 kutoka kwenye kofia. Kwa hiyo kinywa chake kifike mita 2.9 jumlisha 0.6, yaani mita 3.5 kutoka chini. Hiki ndicho kipimo cha kwanza kuandika.

Kwa njia ya pili, moshi ukitoka ukutani kwenye kimo cha sentimita 60, dohani itapanda mita 2.9 bila kona nyingine.

Kwa njia ya tatu, tuseme bomba linatoka kwenye kimo hicho hicho na liko sentimita 20 kutoka ukutani. Linapanda wima sentimita 30, linakunjwa kwa mshazari hadi kufika mita 1.2 kutoka ukutani. Kipande hicho cha mshazari kina urefu wa kama mita 1.4. Sasa bomba liko sentimita 50 nje ya ukingo wa bati na kwenye kimo cha mita 1.9. Kutoka hapo linapanda wima mita 1.6. Linganisha: bomba limekuwa refu zaidi, lina viwiko viwili vya ziada, na kinywa kiko pale pale mita 3.5. Umelipa zaidi ili upate mvuto mdogo zaidi. Njia hii itumike pale tu ambapo haiwezekani kabisa kukata bati, kwa mfano nyumba ya kupanga.

Kwa njia yoyote ile, usimalize bomba chini ya upenu au sawa na ukingo wake. Hilo ndilo kosa letu la Namswea.

MBAO NA MOTO: NAFASI YA USALAMA

Bomba la bati moja lisilofunikwa likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao au kitu chochote kinachoweza kuungua. Dohani ya tofali hupoza joto kabla halijafika nje, hivyo nafasi ya sentimita 5 kati ya tofali na mbao inatosha. Nafasi hiyo iachwe wazi na isijazwe nyasi, magunia wala vipande vya mbao.

Hapa ndipo dohani ya tofali inaposhinda kwenye upenu. Tundu la ndani likiwa sentimita 15 kwa 15, na tofali kila upande, upana wa nje ni kama sentimita 37. Ukiongeza sentimita 5 kila upande unapata 47. Itapita katikati ya mbao mbili za paa zilizoachana sentimita 60 bila kukata hata moja. Bomba la bati tupu lingehitaji karibu mita moja. Usikate kamwe mbao inayobeba paa ili kupisha bomba. Ni afadhali kulisogeza jiko kuliko kudhoofisha kenchi.

HATUA ZA KAZI

1. Anza juu. Kabla ya kupanga tofali la kwanza la jiko, panda ngazi uone mbao za paa ziko wapi. Weka alama katikati ya mbao mbili.

2. Shusha timazi kutoka kwenye alama hadi chini. Hapo inapogusa ndipo dohani itakaposimama. Jiko lifuate dohani, na siyo dohani ifuate jiko.

3. Chimba msingi wa dohani hadi kwenye udongo mgumu. Dohani ni nzito na isining'inie kwenye ukuta.

4. Tundu la ukutani lipande kidogo kuelekea nje, angalau sentimita 2 kwa kila mita, ili moshi usitulie. Lifanye fupi kadiri iwezekanavyo.

5. Acha mlango mdogo wa kusafishia chini kabisa ya dohani. Uzibwe kwa tofali lililopakwa udongo, ili lifunguke.

6. Unapokata bati la upenu, kata dogo kuliko alama halafu ongeza. Kipande cha bati la kuzuia maji kiingie chini ya bati la juu na kilale juu ya bati la chini. Kingo zake zikunjwe kwenda juu kama sentimita 10 na kuingizwa kwenye maungio ya tofali.

7. Kama unatumia bomba la bati, ncha ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini. Maji meusi yatarudi ndani ya jiko badala ya kuchuruzika nje. Bati la kawaida limepakwa madini ya zinki, ambayo hutoa moshi mbaya yakipata moto mkali. Kwa hiyo mita ya kwanza kutoka kwenye jiko iwe ya tofali au udongo uliochomwa.

8. Kofia ya kuzuia mvua ikae juu ya kinywa kwa nafasi isiyopungua upana wa bomba. Ikibana, moshi utarudi.

NYUMBA ZA NYASI

Kwa ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa na kwingineko ambako bado kuna majiko ya paa la nyasi, ushauri ni mmoja: usipitishe bomba la bati kwenye nyasi wala karibu nazo. Hata Uingereza, ambako nyumba za nyasi zina dohani za tofali, hupendekezwa kinywa kiwe mita 1.8 juu ya kilele cha paa, na bado huungua. Upepo wa kusini mashariki unaovuma ziwani kati ya Mei na Agosti hubeba cheche mbali. Ni heri kuanza kwa kuezeka chumba cha kupikia kwa bati, halafu kujenga jiko la bomba.

KUWASHA NA KUTUNZA

Asubuhi ya baridi dohani iliyo nje huwa imejaa hewa baridi, ambayo ni nzito na hushuka. Ukiwasha kuni moja kwa moja, moshi utakuja usoni. Choma kwanza nyasi kavu kidogo kwenye mlango wa kusafishia. Ukisikia dohani inavuma, washa jiko.

Tumia kuni zilizokauka vizuri. Kuni mbichi hutoa mvuke mwingi na masizi ya lami ambayo yanaweza kuwaka ndani ya bomba. Safisha kila mwezi kwa mwanzi wenye kitambaa cha katani mwishoni. Kila mwanzo wa kiangazi kagua mbao za upenu, na kuni zipangwe ukuta mwingine mbali na dohani.

HITIMISHO

Kwa yule mama wa Namswea tulibomoa bomba letu na kuziba tundu. Tulihamishia jiko kwenye ukuta wa gebo na kujenga dohani ya tofali alizochoma yeye na jirani zake. Kazi ilichukua siku nne, na siku ya kwanza yote iliishia kwenye ngazi na timazi. Moshi kidogo bado hutoka anapowasha, hasa asubuhi. Lakini mafiga ya uani yameondolewa, na mara ya mwisho nilipopita nilikaribishwa jikoni kunywa uji nikiwa nimefumbua macho yote mawili.

Ndugu msomaji, kama una jiko ambalo bomba lake linaishia chini ya upenu, usisubiri. Toka nje leo jioni wakati wa kupika, uangalie moshi unakwenda wapi na uguse mbao zilizo juu yake. Zikiwa nyeusi, ziwe zina joto au hazina, acha kulitumia hadi njia irekebishwe. Na kama kikundi chenu ndiyo kwanza kinajiandaa kujenga, kumbukeni hili moja: jiko hupangwa kuanzia juu ya paa kushuka chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta huo tumeshaujenga mara mbili.